Kitoto cha Mbwa Ndani ya Kasha

Malindi, Unguja
Machi 1956

Dada Wanu,

Shikamoo. Sauti ya kucha zikiparuza mbao bado imo masikioni mwangu. Baba ameletewa kitoto cha mbwa wa kulinda shamba, na kabla hajapelekwa huko analala uani, ndani ya kasha la chai lililotiwa mlango. Kazi ya kumzoesha nimepewa mimi, kwani nipo ndani tu tangu nimalize skuli na Bwana Ame alete posa. Kila nikilambwa, Mama hunisimamia nioshe mkono mara saba, mara moja kwa udongo. Sote hapa tu wazima.

Nilikuwa nikimwekea dagaa ndani ya kasha, mlango wazi, naye huingia na kutoka apendavyo. Juzi Mama alichoka kungoja, akaufunga. Mbwa akaparuza, akalia, kisha akanyamaza.

"Umeona?" Mama akasema. "Kanyamaza, karidhika."

Nilipofungua nilimkuta macho wazi, anatetemeka, amejikojolea. Nimeanza upya na dagaa, na mlango nimeung'oa.

Jana Baba aliniita. "Mwanangu, Bwana Ame anataka jibu. Wasemaje?"

Nikainama. Mama akatabasamu. "Mwache, Bwana. Mwanamwali akinyamaza ndiyo keshakubali."

Nawe uliulizwa hivyo hivyo, dada, mimi nikiwepo, na sijapata kukuuliza ulinyamaza kwa nini.

Nikainua uso, nikasema, "Sitaki, Baba," kwa sauti ya kufika uani.

Mdogo wako,
Mwanamwema