Mama Bado Anasubiri Kupigwa X

Zombo, Alhamisi, 13 Novemba. Asubuhi ya joto la kunata, hakuna upepo, mawingu meusi upande wa milimani.

Mdogo wangu mpendwa Zuhura,

Nimeanza na hali ya hewa kama ninavyoanza shajara yangu kila siku. Ulikuwa unanicheka: "Dada, wewe na mawingu yako, utafikiri una rubani angani anayekusubiri." Leo usicheke. Huko milimani kumefunga tangu juzi na huku chini halijadondoka hata tone.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Wasomee wenzako mnaofundishwa nao uchumi wa mazingira, na mwalimu wenu akipenda aisome darasani, maana yaliyotokea huku yanawahusu wote.

Nakumbuka wiki ile mliyofikia Mikumi kwa mafunzo ya vitendo, ukaniita nije niwasaidie kuongea na wazee. Mlikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, nyani wakikimbizana juu ya bati mpaka mwalimu anapandisha sauti. Aliwafanyisha mazoezi wawili wawili, mmoja mwanauchumi, mwingine mwanakijiji. Ulinichagua mimi niwe mwanakijiji wako. "Wewe huna haja ya kuigiza," ulisema, na ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka.

Kisha ukakaa wima, ukaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: "Kama miti ya kando ya mto isingekuwepo tena, ungetaka ufidiwe nini ndipo uridhike?"

Nikakuuliza, "Nani anaiondoa?"

"Hakuna anayeiondoa, dada. Ni swali tu."

Mwalimu alieleza vizuri. Alisema kitu kisichouzwa sokoni husahaulika pale serikali inapopanga matumizi, hivyo kazi yenu ni kuonyesha kwamba mti unaoshika ukingo wa mto nao una thamani. Niliamini. Naamini hata sasa. Nilikutazama ukiandika, nikajisikia fahari, mimi niliyeishia kidato cha nne, kuwa na mdogo anayejifunza kuusemea mto wa kwetu.

Siku iliyofuata tukaja Zombo. Uliikumbuka heshima, uliwasalimia wazee wote barazani pa ofisi ya kijiji mmoja mmoja. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, umekua." Kisha Mzee Saidi akauliza mmekuja kufanya nini, na wewe ukajibu, "Tumekuja kufanya tathmini ya msitu wa mtoni."

Nilikuwa nimekaa nyuma yako, niliwaona wazee wakitazamana. Kisha mtu mmoja kule mwisho akasema, "Haya jamani, tumeshapigwa X," watu wakaangua kicheko. Mwenzako mwenye kofia akadakia, "Hapana wazee, haya ni maswali ya kufikirika tu." Mzee Saidi akamjibu, "Ndiyo, baba, na sisi tumeanza kufikiria."

Zuhura, chuoni kwenu tathmini ni kujua thamani ya kitu. Hapa kwetu ni watu wanaokuja na rangi nyekundu. Hukumbuki kwa shangazi Mwajuma, kule Mikumi, barabara ilipotaka kupanuliwa? Ukutani pake walichora X ya kubomolewa, wewe ukaniambia wamechora herufi ya shule. Jioni ile yeye alitugawia vijiti vya mihogo, tukavichomeka uani, mbele ya choo, hata kwenye karai bovu, kwa sababu alisikia kila kilichopandwa kitahesabiwa kwenye fidia. "Chomekeni wanangu, chomekeni, mchana wa kesho hii ni shamba!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nyumba ilivunjwa, na shangazi hakucheka tena kwa muda mrefu.

Basi mlipoondoka, Zombo yote ikawa uani kwa shangazi.

Walianza na mikuyu. Mti wa mtoni ni wa kijiji, walisema, hauhesabiwi kwa jina la mtu. Lakini mgomba wako, mtiki wako, unahesabiwa. Wakakata mikuyu, wakapanda migomba. Ng'ambo, wafugaji wamejenga vibanda vya mabua visivyokaliwa na mtu. Nikipita jioni naviona vimejipanga, milango wazi, hakuna moshi, hakuna mbwa. Miti mliyokuja kuisemea imekatwa kwa sababu mlikuja kuisemea. Ukingo umebaki udongo mtupu, na kila nikiteka maji naona nyufa ambazo wiki iliyopita hazikuwepo.

Nyumba ya kwanza chini ya ukingo huo ni ya mama.

Nimemwomba ahamie kwangu huku juu mpaka mvua zipite. Amekataa. "Nikiondoka wakija watanikosa. Wataandika hapa hapana mtu." Nikamwambia hakuna anayekuja. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto mdogo. "Zuhura mwenyewe kasema. Mwanangu hawezi kuja na watu wote wale kwa mchezo."

Ndiyo maana nilikuomba umpigie simu. Ulimpigia, nakushukuru. Ulimwambia hakuna fidia, hakuna anayehamishwa, yalikuwa mafunzo tu. Hujui alichofanya baada ya kukata simu. Alitabasamu, akaenda kupanda michungwa mitatu zaidi. "Kazini wamemkataza kusema," aliniambia. "Wakikana hivyo ujue wako karibu." Majirani nao wakasikia, wakaongeza migomba.

Kwa hiyo simu haitoshi tena. Uje mwenyewe, na mwalimu wenu, na yule mwenye kofia pia. Msimame palepale barazani. Msilete makaratasi, na neno lile msilitamke. Semeni, "Tulitaka kujua mnaipenda miti hii kiasi gani, na hatuna cha kumlipa mtu." Wazee watawatukana kidogo, vumilieni. Kisha umshike mama mkono utoke naye. Mkono wangu ameukataa, wako hataukataa.

Sikulaumu. Uliondoka nyumbani mdogo, ukasoma kwingine, na maneno yakabadilika mdomoni bila wewe kujua. Lakini mko wengi mnaofundishwa kazi hii, na mtatumwa kwenye mito mingine. Kabla hamjauliza swali lolote, ulizeni kwanza neno lenu watu wamelisikia wapi mara ya mwisho, na baada yake kulivunjwa nini.

Sasa ni jioni. Leo mchana maji ya mto yamekuja mekundu kwa udongo wa milimani, na huku bado haijanyesha. Nimekwenda kumwomba tena, amenikatalia tena. Nimerudi, nimefunga nguo zangu na za wanangu, watoto nimewapeleka kwa baba yao mdogo, mimi nimehamia kwa mama. Nimelaza godoro kati ya kitanda chake na mlango, maji yakija yanianzie mimi. Anafurahi, anasema sasa watatukuta wawili.

Mimi niliyebaki naye,
Dada yako

Saa nane usiku. Mama anakoroma. Sasa nalala.