Pembe Juu ya Friji

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe katoka nje! Tangu theluji ya kwanza alikuwa wa kanisani na kitandani tu. Leo jirani yetu Margaret katualika shambani kwa kaka yake, huko nyuma ya Shakopee, kutafuta pembe za kulungu. Nilijua Mama atakataa. Akaomba buti za Anicet, mume wangu. Basi.

Na ni yeye aliyeiona! Pembe moja, kando ya senyenge, ina matawi manne. Margaret akapiga makofi. Mama akakasirika. "Nyama haiachake pembe yake," akaniambia kwa Kiswahili chake cha nyumbani: mnyama haachi pembe yake. "Iko wapi maiti?" Marehemu baba mkwe alikuwa mwindaji kule kijijini Mwenga, kwao pembe haitoki bila shoka. Akazunguka shamba zima akitafuta mzoga, sisi nyuma yake matopeni. Margaret akaeleza kwamba huanguka zenyewe kila mwaka, kisha huota nyingine. Nikatafsiri. Mama akanitazama kama namuuzia kitenge feki.

Mimi mwenyewe sikuamini sana.

Jumapili, 16 Machi

Pembe iko juu ya friji. Mama kamwambia Anicet kwamba wazungu wanatudanganya. Kisha ile habari yake: Pasaka ikipita, anarudi Nakivale, kambi ya wakimbizi tulikotoka, kwa dada yake. Hapa hana kazi, anasema, anangoja kufa kwenye joto la mashine. Anicet hakubisha. Mama akisema, kwake imekwisha.

Nimelia bafuni. Nampenda huyu mama. Nani atanigombeza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikizidi chumvi?

Jumatano, 19 Machi

Mama kaishusha pembe, kapapasa shina lake. Hakuna alama ya panga. Akadai nimwonyeshe kwenye simu. Video: kulungu anatikisa kichwa, pembe — pu! — chini, naye anaendelea kula. Mama kaitazama mpaka chaji ikaisha. Kacheka hadi machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu afike Minnesota.

Jumamosi, 22 Machi

Tumerudi shambani, safari hii kwa amri yake. Pembe ya pili hatukuipata. Akanituma nimuulize Margaret: pembe mpya zinakomaa lini? Kiangazi zinavaa ngozi laini, Margaret akasema, Septemba zimekamilika.

Mama akapanda gari. Tulipofika mji wa Savage akauliza:

"Septemba nitaziona wapi, na niko Nakivale?"

Nilibana usukani.

"Ile tiketi, Anicet ameshalipa?"

Nikasema bado. Uongo! Alinunua jana, mtoto mtiifu, kwa fedha za overtime, akataka kumfanyia surprise kesho baada ya ibada. Mungu anisamehe.

Nimemvuta Anicet chumbani, nimemwambia Mama hataki tena kuondoka. Kakaa kitandani na viatu vyake vya kazi, anacheka, anajifuta macho. Sasa yuko kwenye simu na watu wa tiketi, anaomba waifute. Wamemwekea muziki angoje. Jikoni Mama anaisugua pembe kwa sponji yangu ya vyombo, anaimba. Kaniita: nimuulize Margaret kama shamba lile lina kulungu jike pia.

Muziki umekatika. Anicet kasimama — kaniinulia kidole gumba: wamekubali kuifuta!