Nilivyousifu Ufuturisti Mbele ya Mama Godeliva

Jumanne, 4 Machi
Shifti ya asubuhi, ghala la Ingleburn. Mgongo unauma. Wakati wa chai nimesoma tena habari za Wafuturisti. Jumamosi ni zamu yangu kueleza kwenye kikundi chetu cha kusoma, Liverpool, kitongoji cha jirani. Washairi na wachoraji Waitaliano. Tamko lao lilitoka ukurasa wa kwanza wa gazeti la Paris, 1909. Walipenda kasi, injini, hatari. Makumbusho na maktaba zibomolewe. Sarufi ivunjwe, vivumishi vitupwe, nukta na koma pia. Maneno yawe huru. Mimi dereva wa foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, nimewapenda mara moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya mazoezi bafuni. Mashairi yao yaliiga milio, hata ya mizinga. Nami nitaiga. Nataka watu washangae.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya jambo baya.
Nilieleza kwamba kwao vita ilikuwa njia ya kuusafisha ulimwengu. Nilisema kwa furaha. Kisha nikaiga bunduki kwa mdomo, nikipiga meza. Mama Godeliva, Mrundi aliyeikimbia vita akakaa miaka kambini Tanzania, aliweka kikombe chini. Akatoka nje.
Nilimwona. Niliendelea. Wakanipigia makofi.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Mama Godeliva angekuwepo. Nimeandika ujumbe kwenye simu, nikaufuta. Mara tatu. Nimejiambia labda sikumwona vizuri. Uongo.

Jumatano, 12 Machi
Kutoka kazini nilikwenda kwake, Macquarie Fields. Binti yake alifungua mlango, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba yule mtu wa bunduki amekuja.
Mtu wa bunduki.
Niliomba msamaha. Mama Godeliva akauliza:
"Uliniona natoka?"
"Nilikuona, mama."
"Kwa nini hukuacha?"
"Walikuwa wananitazama. Nilipenda."
Akauliza kama watu hao wenyewe walikwenda vitani. Walikwenda, nikamwambia. Wengine walikufa. Kiongozi wao alijeruhiwa, akapona, akaendelea kuisifu vita. Baadaye akamuunga mkono dikteta.
"Hiyo hukutuambia."
Kweli. Niliisoma nikairuka. Ingeharibu raha yangu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeeleza upya, nikiwa nimeketi. Nimesema nilichokiruka. Nimesema pia kwamba nilimwona akitoka. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Godeliva alikuja na sare yake ya usafi wa hospitali. Hakunisalimu. Alibaki mpaka mwisho.