Kwa Mwalimu Editha, Mama Yetu Uliyeshindana na Baba Mnadani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na bado Baba akichemsha chai anaweka vikombe viwili mezani. Akishtuka, anacheka peke yake, anakunywa vyote. Nawe ulipenda kucheka, kwa hiyo leo hatutalia sana.

Waliohamia Chamazi juzi wanaikuta shule ya usharika ina madarasa mpaka la saba, wanadhani ilikuwepo siku zote. Hawakukuona ukifundisha chekechea ndani ya kanisa la turubai, watoto wamepiga magoti mchangani, mabenchi ya ibada ndiyo meza zao. Mvua ikinyesha, masomo basi. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto mmoja mmoja, nawe ukawa huli, hulali.

Wazee wa kanisa walitaka kanisa liezekwe kwanza, darasa baadaye. Ukasimama na kitenge chako cha kwaya.

"Shikamooni wazee wangu. Sie watu wazima tunaweza kumwimbia Mungu tumeshika miavuli. Mtoto ataandikaje ameshika mwavuli?"

Wakakubali mnada wa Sikukuu ya Mavuno uwe wa mabati ya darasa. Yasipopatikana, chekechea ifungwe.

Ulipeleka jogoo wako mwekundu. Mzee Marijani, jirani yetu Mwislamu, akamnunua na kupaza sauti, "Mrudisheni mnadani!" Ndiyo desturi yetu: unanunua, unamtoa tena sadaka, anauzwa upya. Mwinjilisti Stephano akamnadi tena. Wewe ulikuwa upande wa kwaya, Baba kule getini, kila mmoja anapandisha bei bila kumwona mwenzake. Usharika mzima uliwaona, na hakuna aliyefungua mdomo. Baba aliposhinda, ukajipenyeza kwenda kumwona huyo mbishi.

"Baba Benson! Kumbe mie nashindana na wewe?"

"Mie nilidhani ni yule mama muuza ndizi wa Mabibo!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jogoo akarudishwa, akazunguka mikononi mwa watu hadi jioni, mabati yakapatikana. Mwishowe mkarudi naye nyumbani nyie wenyewe. Ukamwita Bati, ukapiga marufuku kisu kumkaribia. Masika iliyofuata mliimba kweli na miavuli, na darasani watoto walikuwa wakavu.

Ulitunyoosha, Mama. Ulikagua kucha zetu hata tulipokuwa na watoto wetu, kisha ukatoa peremende kwenye mkoba uliojaa vumbi la chaki. Tunakupenda sana.

Mavuno ya mwaka huu Baba naye alipeleka jogoo mwekundu. Mnada ulipoanza akataja bei yake, akageuka upande wa kwaya, ulikozoea kusimama. Ndipo Hope, kitindamimba wako, ambaye sasa anafundisha chekechea kwenye darasa lako lilelile, akapandisha bei. Baba akapandisha. Hope akapandisha tena. Baba machozi yanamtoka, anacheka, na bado anapandisha.

Unakumbukwa na mumeo Revelian Kamugisha, wanao Benson, Noela na Hope, wakwe na wajukuu zako, Mzee Marijani, wanakwaya wenzako na watoto wote wa chekechea.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Jogoo tumerudi naye sisi wenyewe. Yuko bandani, na kisu hakimkaribii.