Lori ao Dhahabu

Jumatatu, 2 Juni 1969. Mubi
Nimefungua duka asubuhi kama kawaida. Chumvi, sabuni, mafuta ya mawese. Mvua tena. Lori limerudi kutoka Kalembe, nusu ya maharagwe yamelowa. Resori ya nyuma, yaani springi, imekatika. Kambale, mdogo wangu, ndiye analiendesha tangu mume wangu auawe vitani. Safari hii hakulalamika. Hiyo ilinitia wasiwasi. Jioni akatoa neno: tuuze lori, tununue aksio, yaani hisa, za kampuni inayotaka kufufua mgodi wa dhahabu ulioachwa na Wazungu huko porini. Nimechoka. Nilimwambia nitafikiri.

Alhamisi, 5 Juni
Nafikiri. Lori limezeeka. Linakula faida yake lenyewe. Barabara ni matope, askari wa vizuizi wanachukua chao, na siku moja litaanguka mtoni na ndugu yangu ndani. Kwa hiyo lori nalo ni kamari. Lakini lori likianza kuharibika nalisikia likilia. Aksio ikiharibika nitasikia nini?

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa Kambale alimleta mwuzaji wa aksio nyumbani. Papa Anselme, mtu wa Goma, viatu vinang'aa katikati ya matope yetu. Anasema polepole kama padri. Sasa bei ni ndogo, anasema, wanaochelewa watajuta. Fundi cherehani wa jirani ameshanunua. Wivu ulinichoma. Sikuupenda.

Jumamosi, 14 Juni
Tumekwenda kuona. Kwa lori mpaka njia ilipokwisha, halafu kwa miguu. Wanaume wachache wanazibua mfereji wa zamani. Pampu imejaa kutu. Papa Anselme akanionyesha unga wa njano ndani ya kichupa. Unang'aa kweli. Nikauliza:
“Hii ilitoka hapa?”
“Iko ya hapa karibu, Mama.”
“Na siku nikitaka kuuza aksio yangu, nani atainunua?”
Akacheka. “Mama Masika, nani anauzaka zahabu yake?”
Hilo si jibu. Kurudi, Kambale alitangulia peke yake mpaka kwenye lori.

Jumatatu, 16 Juni
Usingizi umekataa. Huenda dhahabu iko. Silikatai hilo, mito ya huku haikuanza jana kutoa dhahabu. Ila itapita mikononi mwa akina nani kabla ya kunifikia mimi? Nimemwambia Kambale hapana. Amenipigia kelele mbele ya wateja: “Dada, unaogopaka kila kitu! Hii lori itatuzeesha siye wote!”
Kweli naogopa. Nimezika mume. Nimekimbilia porini na watoto mgongoni. Woga ndio umenifikisha hapa.

Jumanne, 1 Julai
Kambale ameondoka. Atafanya kazi mgodini bila mshahara, watamlipa kwa aksio. Ameacha ufunguo juu ya meza ya duka. Lori limesimama uani. Nimelinda mali, nimempoteza wa kuiendesha. Hilo sikulipima. Nina hasira naye. Nina hasira na mimi.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepata dereva, Papa Bahati, Muhunde wa Kalembe. Mwendo wa konokono, lakini halewi na maharagwe yanafika makavu. Msafiri mmoja anasema dhahabu imeanza kutoka. Mubi nzima haina habari nyingine. Fundi cherehani amepita bila kunisalimu. Labda mjinga ni mimi.

Alhamisi, 14 Agosti
Mvua. Wateja wachache. Najuta.

Jumapili, 7 Septemba
Kambale amerudi. Kwa miguu, na homa, mashavu yamebonyea. Papa Anselme alikwenda kutafuta pampu mpya, akabeba dhahabu yote iliyopatikana, eti ndiyo ya kuilipia. Hakuonekana tena. Wachimbaji wakangoja mpaka chakula kikaisha, kisha kila mtu akashika njia yake.

Fundi cherehani amefunga duka lake, hataki kuona mtu. Nilidhani siku kama hii nitafurahi. Sikufurahi.

Nimempikia Kambale bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Alikula, kisha akasema: “Dada, zahabu iko kule. Niliiona na macho yangu.” Alitaka nimwamini. Namwamini. Dhahabu iko. Yetu ndiyo haiko.

Nimempa kinini, dawa ya homa, nimemtandikia chumba cha nyuma, upande wa uani. Sasa analala, anapumua vizuri kidogo.

Kesho alfajiri lori linakwenda Kalembe. Nimemwomba Papa Bahati na wapakiaji walisukume kwanza mpaka barabarani, wasiliwashe karibu na dirisha la Kambale.