Mstari wa Baba Uliopita Pembeni ya Nukta

Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumanne jioni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Goti limekubali kupanda ngazi, au bado unazilaumu ngazi? Na yule paka wako mwizi, mzima? Sisi huku afya tunazo, ila kichwa changu kinafuka moshi. Ungekuwa unawasha simu nisingehangaika na kalamu, lakini wewe simu unaifungia kabatini kama vyombo vya wageni. Barua hii anakuletea dereva wa lori la mbao. Isome leo leo, usiilalie.

Kwanza nijisifu kidogo, maana nikikusubiri wewe nitazeeka. Lile darasa la jioni uliloapa nitalitoroka, sijalitoroka. Na kwenye grafu ndiyo usiseme. Nipe mlinganyo wowote wa mstari, nakutengenezea jedwali, natia nukta, napiga mstari umenyooka kuliko pasi ya suruali ya mchumba. Wenzangu wananiita Profesa. Haya, nimejiita mwenyewe, lakini wameanza kuzoea.

Sasa hasira. Unajua kaka yako naye anasoma darasa hilohilo, kiti cha pembeni yangu, kwa sababu mwenye karakana ametamka kwamba usimamizi hampi mtu asiye na cheti cha hesabu. Baba ni seremala tangu mimi sijazaliwa. Akikikosa hicho cheti, atasimamiwa na yule kijana wa juzijuzi anayepaka vanishi mpaka kwenye viatu vyake. Mtihani ni Jumamosi asubuhi.

Jana mwalimu, tunamwita Bwana Rula, alitupa y = 2x + 1. Baba akatengeneza jedwali safi: x ikiwa sifuri, y ni moja, x ikiwa moja, y ni tatu, x ikiwa mbili, y ni tano. Nukta zikakaa mahali pake. Halafu akapiga mstari pembeni ya nukta. Si juu yake, Shangazi, pembeni, upande wa kulia, kwa unene wa msumeno. Alipoulizwa mstari unakata wapi mhimili wa y, akasoma alichokiona: nusu. Jibu ni moja.

Bwana Rula akaiinua karatasi darasa zima lione. "Mzee," anasema, "mbona mstari wako unazikwepa nukta? Zinanuka?" Watu wakaangua kicheko, walinzi, mama wa saluni, wote. Baba akatabasamu lile tabasamu lake la msibani, akaichukua karatasi yake, akaikunja, akachomeka penseli sikioni, akatoka.

Mimi nilijua papo hapo, maana nimekulia kwenye vumbi la randa. Seremala hapitishi msumeno juu ya alama. Msumeno una unene wake na unakula mbao, kwa hiyo unapita upande wa kipande cha kutupa, alama inabaki. Mkono wa Baba umefanya hivyo maisha yake yote, sasa hata penseli anaipitisha kama msumeno. Amekosea, sikatai, grafu si mbao. Lakini hilo ni kosa la kumweleza mtu kwa sentensi moja, siyo la kuinuliwa juu kama samaki aliyeoza. Nikamwambia Bwana Rula hivyo, pengine kwa sauti kubwa kidogo, pengine nikagusia na kipara chake. Akanionyesha mlango.

Ila anayenichoma zaidi ni kaka yako. Leo nimemchorea mihimili kwenye kipande cha plaiwudi, nikamwambia, Baba, mstari huu hakuna atakayeukata, pita katikati ya nukta. Akanitazama. "Mstari usiokatwa ni wa nini?" Nikamjibu ni wa Jumamosi. Akapiga. Ukapita kwenye kila nukta, ukakata mhimili kwenye moja kamili, mzuri mpaka nikaona wivu, na hilo usimwambie mtu. Halafu akaichukua plaiwudi ileile akazibia dirisha, akasema yeye na shule basi. Anaweza, nimemwona kwa macho yangu anaweza, na yuko pale anapiga randa ubao uliokwisha kulainika. Nimeupiga mlango teke, sasa nachechemea kama wewe.

Yeye anakusikiliza wewe tu. Mama akisema, anakohoa. Mimi nikisema, ananituma gundi. Basi itoe hiyo simu kabatini umpigie kabla Ijumaa haijaisha. Usimbembeleze. Mfokee kama ulivyokuwa ukimfokea mkiwa wadogo, na umwite lile jina la utotoni asilotaka tulijue.

Mimi usinihofie. Mtihani Bwana Rula hawezi kuninyima, na atampata wapi mwingine wa kumfutia ubao huku akimsahihisha?

Msalimie bwana wako fundi saa, na wale mapacha uwaambie wasinisahau sura, hakuna nzuri zaidi kwenye ukoo. Mama anakusalimu sana. Mungu alitunze goti lako na akilainishe kichwa cha ndugu yako.

Na akikukatalia hata wewe, Jumamosi nitaingia peke yangu, nitakivuta kiti chake karibu na changu, na atakayetaka kukikalia tutagombana.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Kidomo.