Samadi ya Zizi la Mjomba Khalaf

Nyumba ya Watoto,
Ezbet Salamun, Fayum.
9 Januari

Mpendwa Dada Inshirah,

Usilishangae doa hilo juu ya karatasi. Sasa hivi Basma amechovya vidole kwenye asali ya miwa akaipigia barua muhuri. Anasema ni salamu zake kwa mama mkubwa wa Kuwait.

Mgongo unaendeleaje? Mabosi wako bado wanakubebesha ndoo ngazi hadi ngazi? Sisi miili ni mizima, Alhamdulillahi. Moyo ndio hauna afya.

Dada, bustani yetu imekufa. Maharage ya ful yote yamejikunja majani kama ngumi za kichanga, na nyanya nazo vivyo hivyo. Watoto thelathini na mmoja wanaitegemea bustani hii kwa sufuria yao, na kila mmoja ana tuta lake. Mpaka leo asubuhi walikuwa wakiyamwagilia, nami sikuweza kuwaambia waache.

Mtoto mmoja, Tahani, alimwuliza Ami Bakri, "Ami, ful yako imelewa?" Mzee akamjibu, "Imelewa, na mimi hata haikunikaribisha." Watoto wakacheka. Yeye akageuka akajipangusa uso kwa kilemba.

Unamkumbuka Ami Bakri, yule aliyekuwa akipulizia pamba dawa enzi za baba. Aliacha mwaka alioanza kukohoa, akaja hapa kulima bila dawa hata tone. Lakini jina la mpuliza dawa halikumtoka. Bi Nagiya, mkuu wetu, anaamini amepuliza kwa siri. "Mzoea pampu haachi pampu," alimwambia mbele yetu sote. Amemfukuza kazi, na leo ndiyo siku yake ya mwisho.

Dada, hakupuliza. Ni mimi.

Mboji yetu ilikuwa haijaiva na siku za kupanda zimefika. Nikamwomba Mjomba Khalaf samadi ya kondoo, mikokoteni miwili. Nilijiona shujaa. Ami Bakri alinusa, akasema, "Mama Basma, samadi usiyojua mnyama wake alikula nini usiiingize shambani." Nikamwambia, "Ami, kondoo wa mjomba wangu nao unawashuku?" Akaona haya, akaitandaza.

Jumanne nilikwenda kwa Mjomba. Kumbe kondoo walilishwa makapi ya ngano iliyopulizwa dawa ya magugu. Dawa hiyo ngano haiiumizi, na tumbo la kondoo haliivunji. Inatoka kwenye samadi ikiwa na nguvu zake, ikikuta ful inaua. Hata Mjomba hakujua.

Nilimkimbilia Ami Bakri nikamweleza. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Nyamaza, binti. Mimi ni mzee, nina mwanangu kule Beni Suef. Wewe mumeo Rabia amekuachia nini zaidi ya huyu mtoto? Ukifukuzwa hapa mtalala wapi?"

Nikanyamaza, Dada. Siku tatu nimekula mkate wake na kunyamaza. Usiku Basma akinikumbatia naona kama sistahili.

Lakini udongo hupona. Ami mwenyewe anasema mahindi hayadhuriki, tuyapande humo msimu mmoja au miwili, tugeuze geuze ardhi, ful itarudi. Naamini. Ila ni yeye anayejua, si mimi.

Nisalimie shemeji Wagdi na mapacha. Mama anakuombea kila sala. Mungu akulainishie mioyo ya unaowafanyia kazi, akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka. Mimi ni mdogo wako akupendaye hata akikosea,

Nagat

Nilikuwa nakunja barua, Bi Nagiya ananiita kutoka uani: "Nagat! Njoo upokee funguo, kuanzia leo bustani ni yako!" Nimechungulia. Ami Bakri amesimama na fungu la funguo mkononi, kifurushi chake miguuni, ananitikisia kichwa nisiseme. Dada, niombee, nakwenda kusema mbele yao wote wawili kwamba samadi ile ilikuwa ya zizi la Mjomba Khalaf, na aliyeileta ni mimi.